ERIALI YA MOTOKAA YETU



Huenda msomaji akastaajabu kukuta katika jarida la dini khabari ya eriali ya motokaa. Sisi wenyewe tulisita sana kabla ya kushika kalamu, maana kazi yetu ni kusomesha watoto Kurani, wala si kutengeneza magari, na elimu yetu ya shule haikupita darasa la saba. Lakini jambo lenyewe lilianzia chuoni kwetu, mbele ya watoto, na mzigo wake ni wetu. Kwa hiyo tumeona ni haki tulieleze wenyewe kama lilivyokuwa, kabla halijaelezwa na wengine kwa namna nyingine.

Motokaa yetu ni Toyota iliyotoka kiwandani Japani mwaka 1989. Ilifika Tanga ikiwa imekwisha tumika huko kwao, kama zifikavyo motokaa nyingi za nchi yetu, nasi tuliinunua mwaka 2011 kwa mtu aliyeinunua kwa mwingine. Ilikuwa na redio yake ya asili, nayo haikusikia ila stesheni moja au mbili. Tulidhani imekufa. Baadaye tukaelezwa kuwa haikufa, bali ilisomeshwa lugha nyingine: huko Japani redio za FM zilipangiwa kuanzia namba 76 mpaka 90, na kwetu huanzia karibu na 88 mpaka 108, basi redio ile husikia ule upenu mwembamba tu zinapokutana. Tukaing'oa tukatia nyingine. Hilo tunalitaja kwa kuwa wako ndugu wengi wanaotupa redio nzima wakidhani ni mbovu.

Eriali yake haikuwa ya kusimama daima. Ilifichwa ndani ya madigadi ya nyuma, upande wa kushoto. Ukiwasha redio husikia mlio mdogo, kisha mlingoti ukapanda wenyewe, kipande kikitoka ndani ya kipande, mpaka ukasimama urefu wa karibu mita moja. Ukizima, ukashuka ukajificha usionekane ila kifuniko chake kidogo cha kung'aa. Watoto wa chuo waliipenda kuliko kitu chochote tulicho nacho. Jioni tukitaka kuondoka walijipanga ukutani na kuhesabu vipande kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, nasi, Mungu atusamehe, tulikuwa tukikawia kidogo kabla ya kutia gia ili wamalize kuhesabu.

Wala haikuwa pambo tu. Mama yetu mzazi amepita miaka 80 na macho yamemwacha. Kila tukimpeleka hospitali hukaa kiti cha mbele na kutaka afunguliwe redio asikilize Kurani na mawaidha. Njia yote hasemi neno. Bila ya eriali, redio ile hukoroma kama mtu mwenye pumu.

Basi ilikuwa mwezi wa Rajabu mwaka 1445, yaani Januari ya 2024. Alasiri moja tulimpa funguo mwanafunzi wetu mmoja wa miaka 12 akatuletee furushi la juzuu tuliloliacha motokaani. Kijana huyu tulikuwa tumemchagua kusoma Kurani mbele ya watu siku ya Miraji, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amempa sauti ambayo hatujaisikia chuoni kwetu kwa miaka mingi. Alikwenda. Punde si punde tukasikia mlio ambao si ule tuliouzoea: krrr, krrr, krrr, kama kinu cha kahawa kinachosaga mawe. Tukatoka mbio. Tukamkuta amesimama kando ya mlango, furushi kifuani, na mlingoti umekwama nusu ya njia.

Tukamwuliza, "Umefanya nini?"

Akajibu, "Nimewasha redio, Maalim."

"Na eriali umeivuta?"

"Sikuigusa, Maalim. Wallahi sikuigusa."

Tukazima redio. Mota ikalia vile vile, mlingoti usishuke. Tukausukuma kwa mkono, ukaingia kidogo ukagoma. Tukawasha tena, krrr, kisha kimya. Hapo hasira zikatupanda, nasi tukahukumu. Hatukuhitaji shahidi. Funguo zilikuwa mkononi mwake, redio ameiwasha bila ya ruhusa, na eriali imeharibika, nani mwingine? Na kiapo chake hakikumsaidia, bali kilituzidisha ghadhabu, kwani tuliona sasa anatia jina la Mungu katika uwongo.

Tukamrudisha ndani. Mbele ya wanafunzi wapatao 40, wake kwa waume, tukasema kwamba mwenzao amepewa amana akaihini, kisha amesema uwongo, kisha ameapa juu yake, na mtu wa namna hiyo hawezi kusimama siku ya Miraji akasoma maneno ya Mwenyezi Mungu. Kisomo chake tukampa mwingine. Hatukumpiga. Tulijisifu moyoni kuwa hatukumpiga.

Na yapasa tuseme jambo moja ambalo mpaka leo tukilikumbuka hutufanya tuinamishe kichwa. Wiki ile ile tulikuwa tukiwasomesha wanafunzi wakubwa tafsiri ya Suratul Hujurat, na tulikwisha pita pale Mwenyezi Mungu alipotukataza kudhaniana vibaya, na kabla ya hapo alipotuamrisha kuhakikisha khabari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Tuliwafafanulia vizuri, kwa mifano. Mifano yetu yote ilikuwa ya majirani.

Fundi wa kwanza tuliyempelekea motokaa aliitazama kwa mbali, mikono mfukoni, akasema chombo chote kimekufa. Ama tununue kizima, ama tuukate mlingoti, tuzibe tundu, na kubandika eriali fupi ya mpira juu ya bati. Chombo kizima kilichokwisha tumika alikipigia shilingi 85,000. Khabari hizo, sijui kwa kinywa cha nani, zikamfikia mama wa kijana.

Mama huyu ni mjane, huuza vitumbua alfajiri. Ijumaa alikuja nyumbani kwetu akasimama nje ya kizingiti, akakataa kukaa. Akasema, "Maalim, mimi siwezi kulipa mara moja. Chukua hii, na kila Ijumaa nitaleta kama hii mpaka itimie." Akatoa noti ya shilingi 5,000 iliyokunjwa mara nne. Nasi tukaipokea. Tungeweza kuyaficha hayo, maana hakuwapo mtu ila yeye na sisi, lakini tumesema tutaeleza kama lilivyokuwa: tuliipokea, tukaitia ndani ya mkebe wa chaki, na tukamwambia kuwa tunamsaidia kumlea mwanawe. Ijumaa ya pili akaleta. Ya tatu akaleta. Ya nne akaleta.

Kijana hakuacha chuo. Tulidhani ataacha. Alikuja kila siku, akakaa nyuma, akasoma sehemu yake kwa sauti ya chini iliyotosha kusikiwa na sisi tu, kisha akaondoka. Usiku wa Miraji alikaa karibu na mlango pamoja na wadogo. Mwenzake aliyepewa kisomo alisoma vizuri, hatumtoi kasoro.

Shaaban ilipoingia, Ramadhani ikawa inakaribia, na mama yetu akaanza kuuliza kila safari, "Leo pia redio haisemi?" Ndipo tukampelekea motokaa fundi mwingine, kijana anayefanya kazi chini ya mwarobaini karibu na njia ya reli. Huyu alisoma kwetu zamani, akafika juzuu ya kumi akaingia kazini. Alituamkia kwa adabu, akawasha redio, akainama na kutega sikio juu ya madigadi kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa. Kisha akasema, "Maalim, umeme unafika. Mota inazunguka. Kinachozunguka hakimshiki mwenziwe. Tufungue kabla ya kununua chochote."

Alifungua buti, akatoa zulia la ubavuni, na chombo chenyewe kikaonekana. Kwa kuwa wasomaji wetu wengi hawajapata kukiona, tutakieleza. Juu kuna bomba lililosimama ambalo mlingoti hukaa ndani yake. Chini ya bomba kuna kikasha cha duara kama kopo la samli, na ubavuni mwake mota ndogo. Ndani ya kikasha umeviringwa ukamba wa nailoni ngumu, wenye meno upande mmoja kama msumeno. Ncha ya ukamba huo imepita katikati ya mlingoti wote na kushikwa na kipande chembamba cha juu kabisa. Mota ikizunguka, gurudumu la meno husukuma ukamba, nao ukakisukuma kipande cha juu, nacho kikavikokota vilivyo chini yake. Mota ikizunguka kinyume, ukamba huvutwa ukajiviringa tena kikashani. Mota haijui kitu ila kwenda na kurudi. Anayeiamuru ni redio, kwa waya mmoja, ambao katika redio hizi za kununua dukani aghlabu ni wa rangi ya buluu: redio ikiwaka, waya hupata umeme wa volti 12 na mlingoti ukapanda, ikizimwa, umeme hukatika na mlingoti ukashuka.

Tulimwuliza kwa nini wakajitaabisha hivyo badala ya kuweka ufito wa chuma ukasimama. Akasema ufito wa nje huvunjwa na matawi, na watoto, na upepo. Na urefu je? Akatwambia urefu nao una hesabu yake: wimbi la redio ya FM ni kiasi cha mita tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, na eriali hupendelea robo yake, yaani sentimita 75 hivi. Ikikwama chini hukosa urefu huo, na redio ikakoroma. Tulifurahi kuyasikia hayo kwa mtu ambaye tulimpigia mstari wa kwanza wa alifu kwa mkono wetu.

Akang'oa soketi ya waya na waya wa redio, akafungua nati ya juu kwa koleo lenye ncha mbili, akalegeza skrubu mbili, akakitoa chombo chote na kukilaza juu ya gunia. Kabla ya kufungua kikasha aliuchukua mlingoti, akauinua usawa wa jicho lake, akautazama kutoka ncha hadi ncha kama mtu atazamaye mkuki. Akatupa na sisi tuutazame. Ulikuwa umenyooka kama alifu.

Akasema, "Huu haukuvutwa na mtoto, Maalim. Mtoto akishika eriali iliyosimama huning'inia. Ungepinda hapa, kwenye kiungo. Tazama, haukupinda popote."

Hatukusema neno. Akafungua kikasha.

Kwanza yakatoka maji. Si mengi, nusu ya kikombe cha kahawa, rangi ya chai iliyochacha. Chini ya kikasha kuna mpira mwembamba unaopita sakafuni na kutoka nje, kazi yake ni kuyatoa maji ya mvua yanayoteremka na mlingoti. Mpira ule ulikuwa umezibwa na tope lililokauka likawa kama saruji. Maji yalikuwa yamekaa humo kwa misimu, nasi hatukujua hata kuwa mpira huo upo. Kisha akautoa ukamba. Ulikuwa umekatika mahali pamoja, na kwa kiasi cha shubiri mbili meno yake yamelika, yamekuwa laini kama ukuni uliosuguliwa. Vipande vya meno vilijaa kikashani. Fundi akavimimina kiganjani, akavitenga kwa kidole. Vichache vilikuwa vyeupe, vipya. Vingi vilikuwa vyekundu kwa kutu, vimeshikamana na grisi kuukuu.

"Hivi vyeupe ni vya siku iliyovunjika," akasema. "Hivi vyekundu vina mwaka au zaidi. Ilikuwa ikifa kidogo kidogo. Kuna mtu alikuwa akiusaidia mlingoti kwa mkono?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo tulipokumbuka. Kabla ya siku ile, kwa muda wa mwaka mzima, mlingoti ulikuwa ukipanda kwa uzito. Sisi tunakaa karibu na bahari. Chumvi na vumbi huganda juu ya vile vipande, na kipande hakiteleki tena ndani ya kingine. Mota ikilia na mlingoti ukasita, sisi tulikuwa tukishuka, tukaushika kwa mkono wetu huu huu, na kuuvuta juu. Na jioni tukausukuma chini. Mara ngapi? Hatuwezi kuhesabu. Fundi akatueleza kwamba kila tulipovuta, meno ya ukamba yaliruka juu ya gurudumu, na kila liliporuka jino, liliacha kipande. Nailoni yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 35, imekauka. Ingekatika siku yoyote redio ikiwashwa, kwa mkono wowote. Ilikatika kwa mkono wa kijana yule kwa kuwa siku hiyo tulimtuma yeye.

Fundi hakujua khabari ya kijana. Alidhani tunya­maza kwa ajili ya gharama, akatwambia tusiwe na wasiwasi, chombo kizima hakihitajiki, mlingoti mpya na ukamba wake utapatikana Dar es Salaam kwa shilingi 35,000.

Usiku ule hatukulala vizuri. Tulikuwa na haki ngapi za watu shingoni? Kuwasha redio bila ya ruhusa lilikuwa kosa la kijana, na alilikiri tangu neno lake la kwanza. Sisi tukaliongezea mawili asiyoyafanya. Tunawasomesha watu kuwa mwenye kudai ndiye atakiwaye ushahidi, na anayekana akiapa husikilizwa. Kwetu alikana, akaapa, na kiapo chake tukakifanya ndiyo hoja ya kumtia hatiani. Kadhi angefanya hivyo tungemsema msikitini.

Asubuhi tulimwendea mwalimu mwenzetu, mtu mzima kutupita, tukamhadithia. Akatupa shauri hili: "Rudisha pesa kwa mama yake kwa siri, umpe kijana kisomo kingine, na mambo yaishe. Usisimame mbele ya watoto ukasema umekosa. Mwalimu akivunjika mbele ya watoto haungiki." Shauri hilo, tusema kweli, lilitupendeza sana. Tulitoka kwake tumechangamka. Tukauchukua mkebe wa chaki na kwenda kwa mama.

Tulimkuta anaosha vyombo vya vitumbua. Tukamwambia kwamba ilidhihiri eriali ilikufa kwa uchakavu na kwa kosa letu, wala mwanawe hana sehemu, na hizi ndizo shilingi zake 20,000. Akafuta mikono kwa kanga. Akazihesabu, noti nne. Akasema, "Hizi nilizitoa katika zamu yangu ya upatu." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema bila ya kupandisha sauti, "Ahsante Maalim, Mungu akulipe. Na yale uliyoyasema mbele ya wenzake, utayarudisha kwa nani?"

Hatukuwa na jibu, ila lile ambalo mwenzetu alitukataza.

Jioni, baada ya watoto kukaa, tuliwaambia wafunge misahafu. Tukatoa kiganja cha vile vipande vya meno, vyeupe na vyekundu, tulivyomwomba fundi, tukaviweka juu ya karatasi na kuvipitisha mbele ya kila mmoja avitazame. Tukawaeleza vipi vina siku na vipi vina mwaka, na mkono uliokuwa ukivuta mlingoti ulikuwa wa nani. Walikwisha tuona tukivuta, wote. Hakuna aliyethubutu kusema. Kisha tukamwita kijana kwa jina lake, tukamwambia mbele yao kwamba tulimwita mwongo naye alisema kweli, na tulimwita mhaini naye hakuhini, na tunamwomba radhi. Sauti yetu haikutoka vizuri. Watoto wadogo walitutazama kwa mshangao. Msichana mmoja wa mbele akaanza kulia, hatujui kwa nini. Kijana akasema, "Nimekusamehe, Maalim," kwa ile sauti ya chini, akarudi kukaa nyuma alikokuwa amezoea.

Katika hili tunakhitilafiana na mwenzetu, naye anajua. Hatukuona hishima yetu ikivunjika. Ila kwa siku mbili tatu watoto walikuwa wakitujibu kwa upole usio wa kawaida, kama wanavyomjibu mgonjwa, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko utundu wao.

Mlingoti mpya ulichukua siku tisa kufika kwa basi. Siku ya kuutia tulimchukua kijana tukaenda naye kwa fundi. Kikasha kilikwisha oshwa kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, kikaanikwa, gurudumu likapakwa grisi kidogo, na mpira wa maji ukazibuliwa kwa waya mpaka maji yakapita. Chombo kilirudishwa mahali pake. Sasa ilitakiwa mtu akae motokaani awashe na kuzima redio kwa amri, maana ukamba hauingii kwa kusukumwa bali huvutwa na mota yenyewe. Tukampa kijana funguo. Alizitazama kwanza kabla ya kuzishika.

Fundi akasema, "Washa." Mota ikazunguka ikasimama. Akauteremsha ukamba ndani ya bomba polepole mpaka ukagusa chini. "Zima." Mota ikazunguka, ukamba ukatikisika, ukarudi juu. Meno yalikuwa yametazama upande usio wao. Akaugeuza nusu mzunguko. "Washa." "Zima." Mara hii ukashikwa, ukaanza kumezwa, na fundi akausindikiza mlingoti kwa vidole viwili mpaka ukazama wote, akakaza nati. "Washa." Ukapanda, mlio ule ule tuliokuwa tumeusahau, mpaka juu, na redio ikasema wazi.

Fundi akatuusia, nasi twaupitisha usia wake kwa kila mwenye motokaa ya namna hii: kila mwezi mlingoti ukiwa umesimama wote, ufutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kipande baada ya kipande, mpaka kitambaa kisitoke tena na weusi, kisha ufutwe kwa tone la mafuta mepesi ya cherehani. Grisi usipake juu ya mlingoti, hukamata vumbi. Redio izimwe kabla ya kuosha motokaa. Mpira wa chini utazamwe kabla ya masika. Na ukisita usiuvute kwa mkono. Hilo la mwisho alilisema akitazama pembeni.

Tulirudi sote wawili bila ya maneno mengi. Karibu na chuo kijana akauliza, "Maalim, na Miraji?"

Miraji ilikwisha pita. Tulimwambia kuwa mwaka ujao, Mungu akipenda, kisomo ni chake. Akasema, "Inshallah." Tukamshusha kwao.

Mama yetu alipata Ramadhani yake ya redio, na kila tukiwasha motokaa huuliza kama eriali imepanda, ingawa anaisikia.

Miraji ya mwaka 1446, mwezi wa Januari 2025, kijana alisoma kama tulivyoahidi. Alikuwa amekaribia kutimiza miaka 14, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. Mara ikapanda, mara ikashuka ikawa nzito, na mahali pawili ikampotea kabisa akangoja ikarudi. Alisoma mpaka mwisho. Mama yake alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia. Watu waliomsikia usiku ule kwa mara ya kwanza walisema anasoma vizuri, tajwidi yake imetulia. Hawakuwa wameisikia ile sauti ya mwaka uliopita.